Bata mzinga mzima kwenye mafuta: Ajali huanza kabla jiko halijawashwa

Kila inapokaribia mwisho wa Novemba, video za aina moja huanza kuzunguka kwenye simu. Mwanamume amesimama uani kwake, mahali fulani nchini Marekani, mbele ya sufuria ndefu yenye mafuta ya moto. Anamshusha bata mzinga mzima. Sekunde chache baadaye mafuta yanafurika, moto unapanda kupita kichwa chake, na watu waliokuwa wakicheka nyuma ya kamera wanaanza kukimbia.

Wengi hutazama, wakacheka, wakaituma kwenye kundi la familia, yakaisha. Lakini zipo pia zile video zinazoishia vizuri. Bata anatoka ana rangi ya dhahabu, ngozi inalia kama kaukau, nyama ya ndani inachuruzika maji yake. Hizo ndizo zinazomfanya mzazi aseme: mwaka huu na sisi tujaribu. Kama bata mzinga hapatikani au bei haishikiki, basi kuku mzima kwenye karai kubwa.

Hakuna ubaya katika kujaribu. Ubaya ni kudhani kuwa tofauti kati ya video ya kwanza na ya pili ni bahati. Si bahati. Karibu kila kinachoamua kama mafuta yatafurika au hayatafurika hufanyika wakati mafuta yangali baridi, na mengine hufanyika siku mbili tatu kabla ya sikukuu yenyewe.

Mtindo ulikotoka

Kukaanga bata mzinga mzima kulianzia kusini mwa Marekani, hasa jimbo la Louisiana, kwa watu wa jamii ya Cajun. Huko familia nyingi tayari zilikuwa na majiko makubwa ya gesi ya kuweka nje na masufuria marefu ya kuchemshia kamba wa mtoni kwa mkupuo. Kutoka kuchemsha kamba hadi kukaanga bata ilikuwa hatua fupi. Katika miaka ya 1990 mtindo ulisambaa nchi nzima, na leo seti kamili ya jiko, sufuria na ndoano ya kumshushia bata huuzwa madukani kila msimu.

Siku yake kubwa ni Thanksgiving, Siku ya Shukrani, ambayo Wamarekani huiadhimisha Alhamisi ya nne ya Novemba. Kwa familia za Watanzania, Wakenya na Wakongomani wanaoishi huko, kualikwa na jirani kula bata siku hiyo, au kumpika wenyewe, si jambo geni tena.

Siku hiyo hiyo ndiyo inayoongoza kwa mioto ya jikoni nchini humo. Kila mwaka Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani na vikosi vya zimamoto huonya juu ya bata wa kukaangwa, na mara kadhaa vimemshusha bata aliyeganda kwenye mafuta ya moto mbele ya waandishi wa habari ili watu wajionee mlipuko. Chama cha kitaifa cha kuzuia moto cha nchi hiyo, NFPA, kimekwenda mbali zaidi: kinawashauri watu wasitumie kabisa majiko ya kukaangia bata kwa mafuta, na badala yake wanunue bata aliyekwisha kupikwa au watumie njia nyingine.

Huo ndio ushauri wa watu wanaozima moto huo. Anayeamua kukaanga hata hivyo, ni vizuri aelewe wanachokiogopa.

Adui ni maji

Maji huchemka yakifika nyuzijoto 100 za Selsiasi. Mafuta ya kukaangia bata huwa karibu nyuzijoto 175. Tone la maji likizama ndani ya mafuta ya namna hiyo halipati muda wa kuchemka taratibu, hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke huo hutaka nafasi kubwa takriban mara 1,700 kuliko maji yalivyokuwa. Kwa kuwa maji ni mazito kuliko mafuta, hushuka chini kwanza, kisha mvuke hulipuka kuja juu ukiyabeba mafuta.

Kila mama aliyewahi kukaanga samaki mbichi mwenye maji anaijua milio na michiriko yake. Sasa hayo ni matone machache kwenye kikaango. Bata aliyeganda tumboni anaweza kubeba barafu ya kujaza kikombe au zaidi, na anazamishwa kwenye lita kumi na kitu za mafuta. Povu hupanda hadi ukingoni, humwagika kwenye moto ulio chini, na sufuria nzima hushika.

Mambo mawili, basi, ndiyo yanayobeba ajali nyingi: maji yaliyobaki ndani ya bata, na mafuta yaliyojazwa kupita kiasi. Yote mawili yanadhibitiwa kabla ya kiberiti.

Siku tatu kabla: kumyeyusha

Bata mzinga aliyeganda hayeyuki usiku mmoja. Njia salama ni kumweka sehemu ya chini ya friji, ndani ya sinia lenye kingo ili maji yake yasichuruzike kwenye vyakula vingine, na kumpa takriban saa 24 kwa kila kilo mbili. Bata wa kilo tano anahitaji siku mbili na nusu hadi tatu. Anayetaka kumkaanga tarehe 25 Desemba asubuhi anapaswa kumtoa kwenye friza tarehe 22.

Muda ukiwa mfupi, anaweza kuyeyushwa kwenye maji ya baridi akiwa ndani ya mfuko usiopitisha maji, maji yakibadilishwa kila baada ya nusu saa. Kwa njia hiyo hesabu ni kama saa moja na dakika kidogo kwa kila kilo. Kumwacha mezani au nje ya mlango kutwa nzima si salama, kwa sababu nje hupata joto na vijidudu huanza kuzaliana wakati ndani bado ni barafu.

Nje kulainika hakutoshi. Mpishi aingize mkono tumboni na shingoni, atoe mfuko wa firigisi, maini na shingo ambao mara nyingi hufichwa humo, kisha apapase ndani kabisa. Akigusa hata kipande kimoja cha barafu, bata huyo bado.

Baada ya hapo ni kumkausha. Ashikwe wima, miguu chini, maji yote ya tumboni yatoke, halafu akaushwe kwa taulo za karatasi nje na ndani, chini ya mbawa na kwenye mikunjo ya mapaja. Anayeweza amrudishe kwenye friji usiku mmoja bila kumfunika, akitengwa mbali na vyakula vinavyoliwa bila kupikwa, ili ngozi ikauke vizuri. Ngozi kavu haitulizi mafuta tu, ndiyo pia inayotoa ule ukaukau unaotafutwa.

Viungo vikavu vinafaa. Bata aliyelowekwa kwenye maji ya chumvi au ndimu lazima akaushwe mara mbili zaidi. Na bata wa kukaangwa hajazwi kitu tumboni. Wali, viazi au mikate ya kujazia ipikwe pembeni.

Kwa kuku wa kienyeji lipo jambo la kuangalia zaidi. Nyumba nyingi humchemsha kwanza ili alainike, ndipo humtupia kwenye mafuta. Kuku mzima aliyetoka kuchemshwa hubaki na supu tumboni, na supu ni maji. Anapaswa kuning'inizwa achuruzike, apoe, kisha akaushwe ndani na nje kama bata yule. Haraka ya kumtoa kwenye supu na kumzamisha kwenye karai ndiyo inayounguza mikono ya wapishi.

Kipimo cha mafuta hupatikana kwa maji

Kosa la pili ni kumimina mafuta kwa kukadiria. Mtu huona sufuria ni kubwa, anajaza mpaka robo tatu, halafu anashangaa bata anapozama na mafuta kupanda.

Ipo njia rahisi ya kupata kipimo. Bata akiwa bado ndani ya plastiki yake, au kabla hajakaushwa na kupakwa viungo, awekwe kwenye sufuria tupu iliyo baridi. Yamiminwe maji mpaka yamfunike kwa sentimita mbili au tatu. Sasa mpishi atazame: kutoka usawa wa maji hadi ukingo wa sufuria kumebaki nafasi angalau ya sentimita kumi? Kama haikubaki, sufuria hiyo ni ndogo kwa bata huyo, na hakuna ujanja wa kuikwepa hesabu hiyo.

Kama nafasi ipo, bata atolewe na maji yote ya juu yake yachuruzikie ndani. Usawa ambapo maji yamesimama sasa ndio usawa wa mafuta. Uwekwe alama kwa nje, au upimwe kwa rula. Kisha maji yamwagwe, na sufuria ikaushwe kabisa kabla mafuta hayajaingia.

Mafuta pia hutanuka yakipata joto. Lita kumi za mafuta baridi hukaribia lita kumi na moja zikifika nyuzijoto 175. Ndiyo maana ile nafasi ya juu haitakiwi kufanyiwa ubahili.

Uzito wa bata nao una kikomo. Idara ya Kilimo ya Marekani inashauri bata wa kukaangwa asizidi paundi 12, yaani kilo tano na nusu hivi. Mkubwa kuliko huyo huungua nje kabla ya kuiva ndani, na humlazimu mpishi kuinua mzigo mzito juu ya mafuta ya moto.

Mafuta gani, na joto lake

Wamarekani wengi hutumia mafuta ya karanga yaliyosafishwa kiwandani kwa sababu hustahimili joto kali kabla ya kutoa moshi. Mafuta ya alizeti au ya mahindi yaliyosafishwa nayo yanafaa. Yale ya alizeti yanayokamuliwa kwenye mashine za mitaani bila kusafishwa ni matamu kwenye mboga, lakini hutoa moshi mapema mno kwa kazi hii. Mafuta yaliyokwisha kukaangia mara kadhaa nayo huanza kutoa moshi mapema. Mwenye mtoto au mgeni mwenye mzio wa karanga achague mafuta mengine.

Moshi si dalili ya kwamba mafuta "yamepata moto vizuri". Ni onyo. Mafuta yakiendelea kuchochewa baada ya kutoa moshi hufika mahali yakajiwasha yenyewe, bila hata kuguswa na mwale wa moto. Majiko mengi ya gesi ya kuweka nje hayana kifaa cha kukata joto lenyewe. Mtu akiingia ndani dakika kumi kumalizia kachumbari, joto linaendelea kupanda.

Kwa hiyo kipimajoto cha mafuta si anasa. Kuangalia kwa kutupia kipande cha kitunguu kunafaa kwa mandazi, lakini si kwa lita kumi na mbili za mafuta.

Mahali pa kupikia

Kazi hii si ya jikoni, si ya barazani, si ya gereji, wala si chini ya turubai. Ni ya uwanjani, kwenye udongo, mchanga au sakafu ya saruji iliyo tambarare, mita tatu au zaidi kutoka ukutani, kwenye paa la makuti, kamba ya nguo, gari au uzio wa miti. Jiko lisiyumbe. Mafiga matatu au jiko la mkaa lenye miguu mifupi havikutengenezwa kubeba sufuria ndefu yenye mafuta na bata wa kilo tano juu yake. Isitoshe, mkaa hauzimwi kwa kugeuza kitasa, na uwezo wa kuuzima moto mara moja ni nusu ya usalama wa kazi hii.

Mtungi wa gesi ukae mbali na jiko kadiri mpira unavyoruhusu, upande unakotoka upepo, na mpira usipite mahali ambapo watu wanatembea.

Halafu kuna mvua. Desemba katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki ni msimu wa vuli. Manyunyu yanayoingia kwenye mafuta ya moto hufanya kile kile kinachofanywa na barafu tumboni mwa bata. Wingu likikusanyika, jiko lizimwe na sufuria ifunikwe kwa mfuniko mkavu. Bata atakatwa vipande na kupikwa ndani. Hakuna atakayelala njaa.

Saa yenyewe

Mpishi avae viatu vilivyofunika miguu, suruali ndefu na shati la pamba la mikono mirefu, na glovu nene zisizolowa. Kanga iliyofungwa kiunoni ikining'inia, kandambili na nguo za nailoni havifai karibu na mafuta. Mfuniko wa chuma unaoenea sufuria uwe karibu, na mtungi wa kuzimia moto uwe mahali unapofikika bila kupita jikoni.

Mafuta yakifika nyuzijoto 175, moto uzimwe kabisa. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayookoa. Mafuta yakifurika wakati jiko limezimwa, hayakuti mwale wa kuyashika.

Hapo bata ashushwe kwa ndoano au kwenye kikapu chake, taratibu, kidogo kidogo, kwa dakika moja au mbili. Mafuta yatapiga kelele. Povu likipanda kwa kasi, apandishwe, asubiriwe, ashushwe tena. Akishazama na povu likatulia, jiko huwashwa upya. Joto litakuwa limeshuka, na kazi sasa ni kulirudisha na kulishikilia kati ya nyuzijoto 165 na 175.

Muda wake ni dakika saba hadi kumi na moja kwa kila kilo, hivyo bata wa kilo tano huchukua dakika 35 hadi 55. Saa husaidia kukisia tu. Anayetoa jibu ni kipimajoto cha nyama, kikichomwa kwenye paja kwa ndani na kwenye kidari palipo na nyama nene bila kugusa mfupa. Kote kukisoma nyuzijoto 74, bata ameiva. Kabla ya kumtoa, moto uzimwe tena. Anyanyuliwe polepole, aachwe juu ya sufuria mafuta ya tumboni yachuruzike, ndipo awekwe kwenye sinia na kupumzishwa dakika 20 au 30 kabla ya kukatwa.

Watoto

Watoto hupenda mahali palipo na moto, harufu na watu wazima wanaocheka. Siku ya sikukuu uwanja umejaa: binamu waliokuja kutoka mkoani, mpira mpya, mbwa wa jirani. Ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko ya mtu mzima, hivyo mafuta yale yale humuunguza haraka zaidi na kwa kina zaidi.

Kumwambia mtoto wa miaka mitatu "usisogee" si ulinzi. Kinachofanya kazi ni mpaka unaoonekana na mtu wa kuusimamia. Mstari uchorwe chini kwa chokaa au majivu, mita tatu kuzunguka jiko, na asiyepika asivuke, hata kama ni baba mkwe anayetaka kupiga picha. Kisha mtu mzima mmoja apewe kazi ya watoto tu, kwa jina lake, mbele ya wote. Pale ambapo kila shangazi anadhani shangazi mwingine anaangalia, hakuna anayeangalia.

Mpishi naye asibebe mtoto, asishike simu, na asiwe na kinywaji kilichomchangamsha. Anayesimamia mafuta haondoki, hata mgeni mkubwa akifika getini. Mgeni atasalimiwa baadaye.

Kipindi kinachosahaulika zaidi huja baada ya kupika. Bata ametoka, watu wanapiga makofi, wote wanaelekea mezani, na sufuria inabaki uwanjani peke yake. Mafuta hayo yanaweza kuunguza kwa saa kadhaa. Hayatoi tena mlio wala moshi, yanaonekana kama maji ya kawaida, na mpira wa watoto unaendelea kuruka. Zamu ya ulinzi iendelee mpaka yapoe kabisa: mtu mmoja akae na sahani yake hapo hapo, wapokezane. Sufuria isihamishwe ikiwa ya moto, hata kwa hatua mbili.

Kwa siku za kawaida kanuni ni ile ile kwa kipimo kidogo. Mtoto asikaribie jiko kwa umbali wa mita moja, mikono ya vikaango igeuzwe ndani, na jiko la mkaa linalokaa sakafuni lizungushiwe kizuizi, kwa kuwa liko usawa wa kifua cha mtoto anayejifunza kutembea.

Mafuta yakiwaka

Neno la kwanza linalowajia wengi ni "maji!" Ndilo neno baya kuliko yote. Maji kwenye mafuta yanayowaka hulipuka kuwa mvuke na kuyarusha mafuta hewani yakiwa matone ya moto. Unga wa ngano na sukari navyo haviguswi, huongeza moto.

Kama gesi inafikika bila kupitisha mkono juu ya moto, ifungwe. Mfuniko wa chuma usukumwe kutoka upande wa mpishi kwenda mbele, ufunike sufuria yote, na usifunuliwe mpaka ipoe kabisa. Sufuria isibebwe kupelekwa nje au sinki, kwa sababu watu wengi huungua njiani wakiwa wameibeba. Anayetumia mtungi wa kuzimia moto asimame mbali kadiri dawa inavyofika, kwa kuwa msukumo wake wa karibu hutawanya mafuta.

Moto ukiwa umeshapita uwezo wa mfuniko, hakuna shujaa anayehitajika. Watu waondolewe, kuanzia watoto, na simu ipigwe. Tanzania namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Marekani ni 911.

Mtoto akiunguzwa na mafuta

Nguo iliyolowa mafuta itolewe haraka, pamoja na bangili, saa au shanga, isipokuwa kilichogandia kwenye ngozi. Kisha sehemu iliyoungua iwekwe chini ya maji ya baridi ya bomba yanayotiririka, kwa dakika 20 kamili. Pasipo bomba, maji safi yamiminwe kwa kikombe bila kukoma. Dakika 20 ni ndefu mtoto anapolia, na wazazi wengi huacha baada ya tatu. Wasiache. Maji hayo hupunguza kina cha jeraha, na bado yanasaidia hata kama yamechelewa kuanza. Mwili uliobaki ufunikwe asipate baridi.

Barafu haifai. Dawa ya meno, ute wa yai, siagi, asali, unga wa ngano na majivu havifai pia. Hushikilia joto au huleta uchafu kwenye jeraha, na daktari atalazimika kuviondoa kabla ya kutibu, jambo linalomwongezea mtoto maumivu. Malengelenge yasipasuliwe. Jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi, au karatasi ya plastiki safi ya kufunikia chakula.

Mtoto mdogo aliyeunguzwa na mafuta apelekwe hospitali. Haraka zaidi ni pale jeraha lilipo usoni, mikononi, miguuni, kwenye maungio au sehemu za siri, linapozidi ukubwa wa kiganja chake, au linapokuwa jeupe na halimuumi. Kutokuuma si nafuu. Huonyesha kuwa moto umefika ndani.

Asiye na vifaa

Mzazi aliyesoma mpaka hapa anaweza kuhesabu alichonacho: sufuria ndefu, jiko la gesi la nje lisiloyumba, kipimajoto, glovu, uwanja wa wazi, watu wazima wawili wasio na kazi nyingine, na lita kumi hadi kumi na tatu za mafuta. Kikikosekana kimoja, jibu ni jepesi. Bata akatwe vipande.

Vipande hukaangwa kwenye kikaango cha kawaida, kwa mafuta machache, viwili vitatu kwa mkupuo, na hukauka maji kirahisi. Au aokwe kwenye oveni, apikwe kwenye sufuria yenye mkaa chini na juu ya mfuniko kama wanavyopika keki, au abanikwe taratibu baada ya kuchemshwa. Bata mzinga wa kuoka hana makelele ya yule wa kwenye video, lakini kitoweo ni kile kile na mchuzi wake unabaki.

Na yule aliye na vifaa vyote anaweza kujipima kwa maswali manne asubuhi ya sikukuu, kabla hajashika kiberiti. Je, mkono umeingia tumboni mwa bata na haukukuta barafu wala maji? Je, usawa wa mafuta umepimwa kwa maji, au umekisiwa? Je, mbingu ni safi? Je, ni nani, kwa jina lake, anayewaangalia watoto?

Akipata majibu manne, awashe. Akipata matatu, kisu kiko jikoni.